Kuziba jino: zebaki inakaa miaka 30, nyeupe ndiyo "waja leo waondoka leo"?

#1 Mwana_Chumbageni
Wakuu, juzi usiku nipo barazani Barabara ya 12 hapa Tanga, kahawa mkononi, natafuna kashata ya nazi. Nikasikia kitu kigumu ulimini, nikadhani kipande cha kifuu. Nakitema, kumbe ni dawa ya jino langu, yote, imetoka kama kifungo cha shati.

Ni gego la chini kushoto. Nililiziba miezi 14 iliyopita kwa ile dawa nyeupe ya taa ya bluu, elfu 60. Mama yangu ana magego matatu yamezibwa kwa ile ya rangi ya fedha tangu 1987, alipokuwa kiwanda cha mkonge. Mpaka leo anatafuna mifupa ya kuku, na yamo tu, yamekuwa meusi lakini yamo.

Sasa nauliza kwa wanaojua: ni dawa yenyewe haina maisha, ni mkono wa aliyeziba, au ni kinywa changu? Nataka kuziba tena na sitaki kutupa elfu 60 nyingine.

#2 Mkonge_Safi
Pole. Zebaki ndiyo dawa. La kwangu ni la 1994, nimeshasahau kama limezibwa. Hiyo nyeupe ni ya kupigia picha.

#3 Tabibu_wa_Magego
Mimi ni tabibu wa meno, nafanya kazi wilaya mojawapo ya mkoa wetu. Pole mkuu #1.

Hizi dawa mbili zinashika kwa njia tofauti kabisa. Ile ya fedha, amalgamu, ni unga wa fedha, bati na shaba uliochanganywa na zebaki ya maji, karibu nusu kwa nusu kwa uzito. Haina gundi. Inashikwa na umbo la shimo: tunachimba chini pana kuliko mdomoni, kama mtungi, ili ikigumu isipate njia ya kutokea. Hasara yake ni kwamba unachimba na sehemu nzima ya jino ili upate umbo hilo. Faida yake ni kwamba inavumilia mazingira ya kinywa chenye mate.

Nyeupe, yaani komposito, ni resini, aina ya plastiki, yenye chembe za glasi. Jino linapakwa asidi kwa sekunde chache mpaka uso wake uwe na vinyweleo, linaoshwa, linakaushwa, linapakwa gundi, ndipo dawa inawekwa tabaka kwa tabaka, kila moja milimita 2 hivi, na kila moja inamulikwa. Mate yakigusa baada ya ile asidi, kazi yote imeharibika, na kwa macho huwezi kujua. Tena ikigumu inasinyaa kidogo, kwa hiyo inavuta kuta za jino. Ukiweka donge moja kubwa kwa haraka, pembeni panabaki mwanya.

Naomba unijibu mawili. Imetoka nzima au vipande? Na shimo lilikuwa juu tu au lilifika ubavuni, kati ya jino na jino?

#4 Mwana_Chumbageni
@Tabibu_wa_Magego imetoka nzima, hata umbo la shimo linaonekana. Na shimo lilikuwa juu na ubavuni.

Nikumbushe jambo: siku ile umeme ulikatika katikati. Tulisubiri jenereta kama robo saa, mimi nimekaa mdomo wazi na vipamba shavuni. Vipamba vililowa chapachapa. Umeme uliporudi akaendelea pale pale alipoishia.

#5 Bi_Sahare
Jibu umelitoa mwenyewe, mwanangu. Ni mate.

Mimi langu jeupe nililizibia Dar, gego pia. Yule daktari alinivika kitambaa cha mpira mdomoni, kina tundu, jino moja tu ndilo limetokeza. Nilihisi kama nakabwa, nikamwambia kitoe. Akaniambia, "Bibi, nikitoa hiki utanirudia mwakani." Nikavumilia. Huu mwaka wa tisa na sijamrudia.

#6 Upepo_wa_Kusi
Naona wote mnazunguka. Sababu ni hali ya hewa. Tanga joto na unyevu mwaka mzima, hata chumvi kwenye kopo inayeyuka. Gundi itashika vipi? Mwambieni aende akazibe Lushoto.

#7 Tabibu_wa_Magego
@Upepo_wa_Kusi kinywa cha mtu wa Lushoto na cha mtu wa Makorora vina joto lile lile, na pumzi ya wote wawili ina unyevu. Ndiyo maana ya ule mpira aliousema Bi Sahare, unatenga jino na pumzi pamoja na mate. Unyevu wa bahari si wa kwanza kuulaumu.

#8 Fundi_Friji
Tabibu nakuheshimu, lakini Upepo hajakosa yote. Mimi natengeneza friji na viyoyozi, nimeingia zahanati na kliniki nyingi za mji huu. Chupa za gundi na mirija ya dawa nyeupe zimeandikwa ubavuni ziwekwe kwenye ubaridi. Sasa kifike Februari, friji imekufa, kiyoyozi hakifanyi kazi, dawa imekaa kabatini wiki tatu. Hapo joto la Tanga halijaingia kwenye mzozo?

#9 Tabibu_wa_Magego
Hapo umenena. Gundi nyingi zina kiyeyusho kinachoruka, kikiisha ndani ya chupa gundi inakuwa nzito na haipenyi. Na niongeze la taa: taa ikizeeka mwanga unapungua nguvu. Juu dawa inagumu ukigonga inalia, chini imebaki laini. Mgonjwa anatoka anafurahi. Kuna kifaa cha kupima mwanga wa taa, si kila mahali kipo.

#10 Mchungwa_wa_Muheza
Jamani kuna dawa ya tatu hamjaitaja. Mimi nina mashimo kwenye shingo za meno ya mbele, pale jino linapokutana na ufizi. Nilizibwa kwa dawa nyeupe isiyong'aa sana, haikumulikwa taa, daktari alikoroga unga na maji maji kwenye karatasi, akapaka, mwisho akapaka vaselini juu. Bei nafuu sana.

Mwaka wa kwanza safi. Mwaka wa pili nikaanza kuona imeliwa, imekuwa na bonde, ulimi unakwaruza. Haikutoka kama ya mwenye uzi. Iliisha taratibu kama sabuni.

#11 Tabibu_wa_Magego
Hiyo ni saruji ya glasi ionoma. Inashikana na jino yenyewe kikemia, bila gundi, na inatoa floridi inayosaidia jino lililo jirani. Ila ni dhaifu kwa kusaga, na asidi inaila.

Kwa hilo jina lako, naomba kuuliza: unakula machungwa mangapi kwa siku?

#12 Mchungwa_wa_Muheza
Msimu ukiwa umechanganya? Nafanya biashara ya machungwa, mkuu. Nalionja kila gunia. Ishirini, thelathini, sihesabu.

#13 Tabibu_wa_Magego
Basi umepata jibu. Maji ya chungwa yana asidi ya ndimu, na hiyo saruji haipatani nayo. Usiache kazi yako. Ukishaonja sukutua kwa maji, na usipige mswaki papo hapo, subiri nusu saa.

#14 Kijana_wa_Duga
Nimefurahi imetajwa ionoma. Hiyo dawa ilivumbuliwa hapa hapa Tanzania miaka ya 1980, dunia nzima inaitumia. Tujivunie.

#15 Mwalimu_Mstaafu_Korogwe
Kijana, nusu ni kweli, nusu si kweli, na yote mawili yafaa kujulikana. Dawa yenyewe ilitengenezwa London na Wilson na Kent, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kilichoanzia Tanzania, katikati ya miaka ya 1980, ni namna ya kuziba bila mashine. Mwalimu Mholanzi, Jo Frencken, alikuwa anafundisha udaktari wa meno Dar es Salaam. Vijijini mashine haikuwepo, umeme haukuwepo, na kazi ilikuwa kung'oa tu. Wakaanza kukwangua uozo kwa vyuma vya mkono na kuziba. Baadaye ikajaribiwa Thailand na Zimbabwe, kisha ikaenea duniani kwa jina la ART.

Mimi nimeiona kwa macho yangu. Shuleni kwetu walikuja matabibu wawili na begi, wakalaza watoto juu ya madawati mawili yaliyounganishwa, kichwa kinaangalia dirishani ili mwanga wa jua uingie mdomoni. Hakuna sindano, hakuna mlio wa mashine. Mtoto aliyekuja analia alitoka anawaonyesha wenzake. Mmoja wao sasa ni mtu mzima, tulikutana stendi, akanifungulia mdomo: dawa imo.

#16 Kijana_wa_Duga
Shikamoo mwalimu, nimesahihishwa. Asante.

#17 Mtu_wa_Takwimu
Tusiende kwa jino la mama wala la mtoto wa stendi. Kuna mapitio ya 2014 ya Cochrane, wale wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, yaliyolinganisha amalgamu na komposito kwenye magego ya ukubwani. Hatari ya komposito kushindwa ilikuwa karibu mara mbili ya amalgamu, na sababu kubwa ni kuoza upya pembeni ya dawa.

Na kuhusu ile ART ya mwalimu: kwenye jino la ukubwani, shimo la upande mmoja tu, tafiti zilizokusanywa pamoja zinaonyesha kama vijazo 80 katika 100 bado vipo baada ya miaka 5. Si haba kwa dawa inayokorogwa kwenye karatasi. Lakini shimo la pande mbili kwenye meno ya utotoni, baada ya miaka 2 tu vimebaki kama 62 katika 100.

#18 Mkonge_Safi
Mara mbili! Nilisema mimi namba 2. Zebaki ndiyo dawa, funga uzi.

#19 Bi_Sahare
Usifunge. @Mwana_Chumbageni, mama yako alizibwa meno mangapi mwaka huo? Wewe umehesabu yaliyobaki. Yaliyokwenda umeyahesabu?

#20 Mwana_Chumbageni
Bi Sahare, nimetoka kumuuliza sasa hivi. Alizibwa matano. Mawili hayapo. Moja lilipasuka katikati akitafuna mhogo wa kuchoma, dawa ikabaki nzima imeshikilia nusu ya jino. Yakang'olewa yote mawili. Mimi sikuwahi kujua, nilikuwa mdogo.

#21 Tabibu_wa_Magego
Hiyo tunaiona sana kwa wenye amalgamu kubwa za zamani. Dawa haishikani na jino, kuta zimebaki nyembamba, kila ukitafuna kuta zinatanuka kidogo. Miaka inakwenda, siku moja ukuta unavunjika. Ukisema "dawa imedumu" ni kweli. Jino halikudumu. Nyeupe ikitoka, kwa kawaida inatoka ikiacha jino la kuziba tena.

#22 Mtu_wa_Takwimu
Ila @Tabibu_wa_Magego, hata nyeupe inaweza kuacha uozo chini yake kimya kimya, mgonjwa haoni mpaka mshipa uguswe. Hapo unazungumzia matibabu ya mzizi na krauni, kofia ya jino. Tusiipambe.

#23 Tabibu_wa_Magego
Sipingi hilo.

#24 Mama_Wawili_Mikanjuni
Nimesoma yote, naogopa. Mnasifia jino la risasi, nyie. Zebaki ndiyo ile wanaosafishia dhahabu kule Geita, na wanatuambia ni sumu. Nina mimba ya miezi mitano na gego linaniuma. Nikiambiwa ni hiyo nikatae?

#25 Tabibu_wa_Magego
Dada, risasi haimo kabisa, tuanzie hapo. Zebaki imo, ikiwa imeshikwa na madini mengine. Mchimbaji anaichoma na kuvuta mvuke wake, dozi yake ni nyingine kabisa.

Lakini kwa hali yako kataa, na huna haja ya kuona haya. Nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata, ule wa kudhibiti zebaki duniani, zilikubaliana 2022 kwamba amalgamu isiwekwe kwa watoto chini ya miaka 15, wajawazito na wanaonyonyesha, isipokuwa mtabibu aone ni lazima. Waombe ionoma kwa sasa. Na usikae na maumivu kwa sababu ya mimba, jino linatibiwa ukiwa mjamzito. Nenda wiki hii.

#26 Mama_Wawili_Mikanjuni
Asante sana. Nitakwenda.

#27 Upepo_wa_Kusi
Na @Mkonge_Safi ajue zebaki yake inaondoka. Umoja wa Ulaya umeshaacha tangu Januari 2025, na mkutano wa Minamata wa Geneva, Novemba 2025, umeweka 2034 kuwa mwisho wa amalgamu.

#28 Mkonge_Safi
Kwa hiyo la kwangu la 1994 nikalitoe?

#29 Tabibu_wa_Magego
Usiliguse! Kama halina ufa wala uozo liache. Kulichimba ndiko kunakotoa mvuke mwingi kuliko kukaa nalo, na utapoteza na jino zima lililolizunguka.

Kinachoniumiza kwenye habari ya 2034 si zebaki kuondoka, iondoke. Ni kwamba ile dawa iliyovumilia mate, joto na umeme wa kukatika ndiyo inayokwenda, na inayobaki inataka ukavu, taa nzima na nusu saa ya utulivu. Mimi siku ya gulio naona wagonjwa 30 peke yangu.

#30 Babu_Pongwe
Wajukuu, mnasumbuka na dawa, hamjamtoa funza. Jino linaliwa na funza. Sisi tulifukizwa mbegu za mtunguja, unafunika kichwa kwa shuka, unaachama juu ya moshi, funza wanaanguka kwenye maji unawaona kwa macho. Ukiziba na funza yumo ndani, lazima aisukume dawa itoke.

#31 Mwalimu_Mstaafu_Korogwe
Shikamoo mzee. Nilifukizwa na mimi, marehemu bibi yangu alinishika kichwa. Nilipokuwa mwalimu wa sayansi nilichoma mbegu zile zile juu ya beseni la maji, bila mtu kuachama. "Funza" wakaanguka vile vile. Ni viini vya mbegu vinavyopasuka kwa moto, vyeupe, vimejikunja. Lakini maumivu yalipungua kweli, hilo silikatai.

#32 Babu_Pongwe
Marahaba. Basi kama maumivu yalipungua, kuna kitu kilitoka.

#33 Mwana_Chumbageni
Samahani niwarudishe kidogo. Moshi wa babu umenikumbusha harufu. Wiki mbili kabla ya kuzibwa, kliniki ile ile walinitia dawa ya muda, nyeupe laini kama udongo, mdomo mzima ulinuka karafuu. Ilitolewa siku ile ya kuziba. Inahusika?

#34 Tabibu_wa_Magego
Ungeisema namba 1 tungeokoa siku mbili! Hiyo ni oksidi ya zinki iliyokorogwa na yujenoli, mafuta yale yale ya karafuu. Inatuliza jino vizuri sana. Lakini yujenoli inazuia resini isigumu sawasawa. Isipokwanguliwa yote, dawa nyeupe juu yake inakuwa na tabaka bovu chini.

Sasa angalia ile iliyotoka, upande wa chini. Ni ngumu yote, au kuna sehemu ukucha unaingia?

#35 Mwana_Chumbageni
Nimeiweka kwenye kiberiti. Ukucha hauingii popote. Ila ina mstari wa kahawia pembeni, upande wa ubavuni.

#36 Tabibu_wa_Magego
Mstari wa kahawia ni mwanya. Mate na sukari vilikuwa vinapita hapo muda mrefu. Karafuu inaanza kutoka kwenye washukiwa, lakini si moja kwa moja.

#37 Bi_Sahare
Nilisema mate.

#38 Fundi_Friji
Au gundi iliyozeeka. Mwanya ni mwanya.

#39 Shemeji_wa_Raskazone
Na mimi nitie langu. Niliziba mara tatu, kliniki tatu tofauti, zote zikavunjika. Wa nne hakuangalia dawa, aliangalia meno mengine yote. Akaniuliza, "Unalala na nani?" Nikashtuka. Akasema, "Muulize kama unasaga meno usiku." Mke wangu akasema tangu tumeoana nasaga kama jiwe la kinu. Nikatengenezewa kinga ya plastiki ya kulalia. Ya nne ina miaka sita, na ni nyeupe hiyo hiyo mnayoitukana.

#40 Mwana_Chumbageni
Mimi nalala peke yangu, shemeji. Hakuna wa kuniambia.

#41 Kijana_wa_Duga
Uzi wa meno umegeuka wa posa. Mwana_Chumbageni, mabinti wa Tanga wapo humu, sema neno.

#42 Upepo_wa_Kusi
Aache kwanza kashata.

#43 Mkonge_Safi
Mkuu, si uibandike kwa supaglu? Umesema imetoka nzima na umbo lake.

#44 Tabibu_wa_Magego
HAPANA. Utafungia uozo ndani, na gundi hiyo itaunguza ufizi. Ya zamani haitumiki tena hata na daktari. Mpaka uende, tafunia upande wa pili, sukutua maji ya chumvi, na usiache shimo likajaa chakula. Nenda nayo hiyo ya kwenye kiberiti, aliyeziba atajifunza kitu akiiona.

#45 Mwana_Chumbageni
Nashukuru wote. Nimepata nafasi Alhamisi asubuhi, mahali pengine. Nimeuliza kwa simu kama wana ule mpira aliousema Bi Sahare. Aliyepokea akanyamaza kidogo, akasema atamuuliza daktari. Nimeuliza na amalgamu, akasema hawajaagiza mwaka huu. Mama naye anasema niling'oe tu nipumzike. Nimemwambia hapana, nina miaka 34, gego hilo nalihitaji.

Nitaleta majibu.

#46 Nahodha_Deep_Sea
Nimechelewa kuuona huu uzi. Mimi la kwangu jeupe lina mwezi mmoja tu, halijatoka, halijapasuka. Lakini nikinywa maji ya baridi linachoma mpaka jichoni, na nikiachia ghafla baada ya kuuma kitu kigumu ndiyo kabisa. @Tabibu_wa_Magego, hilo nalo ni mwanya, au kuna lingine?